Sauti Nne Nyumbani kwa Bibi Atupele

Saa kumi kasoro robo alasiri, sikio la nguzo namba kumi na saba lilipeleka taarifa ofisini: sauti nne, chumba kimoja, zinashikana.

Subilaga Mwakyoma alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kiazi chake cha mchana. Alijifuta vidole kwenye kanga aliyojifunika magotini kwa ajili ya baridi, akavaa visikilizi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Masikio, yale makasha ya kijivu yaliyofungwa kwenye kila nguzo ya taa mjini Tukuyu, hayakujua maneno. Yalijua pumzi. Yaliweza kumtofautisha mtu anayeongea na anayecheka na anayegombeza kuku, na yaliweza kuhesabu watu wanaoimba pamoja hata mvua ikipiga mabati. Lakini sheria ilikataza mashine kumfungia mtu mlango peke yake. Ilikuwa lazima mwanadamu asikilize kwanza, sekunde kumi na mbili, kisha abonyeze kimoja kati ya vitufe viwili: Funga, au Acha.

Kwa mwaka mmoja na nusu, mwanadamu huyo alikuwa Subilaga.

Ugonjwa waliuita Kaba, kwa namna ulivyoua. Ulisafiri kwa pumzi, na hakuna kitu kinachomtoa mtu pumzi nyingi, tena kutoka chini kabisa ya mapafu, kama kuimba. Anayeongea huitupa pumzi yake hatua mbili. Mwimbaji wa besi huijaza sebule nzima. Ndiyo maana kwaya zilikufa kwanza, na ndiyo maana kila mlango wa mji ule ulikuwa na komeo la chuma lililotii kitufe kilichokuwa ofisini.

Alibonyeza kusikiliza.

Sauti ya kwanza ilitetemeka, ya mwanamke mtu mzima. Ya pili ilikuwa chini yake, imetulia kama maji ya mtungi. Kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, safi. Na chini kabisa, besi iliyokatika kila baada ya maneno matatu, ikavuta pumzi, ikarudi.

*Twende taratibu, jamani, mlima haukimbii,
tupumzike kidogo, ukungu utapanda...*

Sekunde kumi na mbili zikaisha. Subilaga alibaki ameshika meza.

Wimbo ule haukuwa umeandikwa popote duniani. Baba yake, Mwalimu Anyosisye, aliutunga akiwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, akipiga mdundo juu ya sufuria lililofunikwa, Subilaga akiwa na miaka tisa. Daftari lake la nota lilichomwa moto pamoja na magodoro, siku wauguzi walipokuja kusafisha nyumba. Waliouimba naye mara ya mwisho walikuwa arobaini na watatu, na wote walikufa. Alidhani wimbo umekufa nao.

Ghafla alikuwa amerudi Alhamisi ile ya kila wiki, siku ya mazoezi: harufu ya makoti yaliyoloa yakikauka mgongoni mwa watu, chai ya tangawizi kwenye birika la bati, baba akisema, "Besi, msinijengee ukuta, nijengeeni sakafu," na watu wakicheka. Yeye alilala juu ya benchi la nyuma, kichwa kwenye paja la Bibi Atupele, na sauti ya pili ikapita ndani ya paja lile hadi kwenye shavu lake. Alijua kuimba kabla hajajua kusoma, na alijifunzia pale.

Kwenye kioo, maandishi yalisubiri: *Nyumba ya Atupele Mwasandube. Funga. Acha.* Alikuwa na saa moja. Asipobonyeza, taarifa ingepanda kwa mkuu wa kituo, Bwana Mwaijande, na Bwana Mwaijande hakuwahi kubonyeza Acha.

Subilaga alijua kitakachofuata akibonyeza Funga. Gari jeupe lingefika. Waimbaji wangetenganishwa, kila mmoja afungiwe kwake siku kumi na nne. Mgonjwa yeyote angepelekwa Kiwandani, kwenye majengo ya zamani ya kusindika chai, vitanda mia mbili chini ya paa moja. Na Mzee Gwamaka, mume wa Atupele, mwenye ile besi inayokatika, alikuwa mgonjwa wa ini tangu masika. Hakuwa na Kaba. Kiwandani angeipata kabla ya kufika kitandani.

Alijua pia kitakachofuata akibonyeza Acha. Hilo alilijua zaidi kuliko mtu yeyote ofisini.

Alichukua koti la mvua, akachukua kifungio cha mkononi kilichokuwa kikikaa kabatini bila kazi, akatoka. Utaratibu uliruhusu ukaguzi wa mlangoni. Hakuna aliyewahi kuufanya.

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya migomba, mabati yake yametoboka kutu pembeni. Subilaga hakugonga mlango. Alisimama hatua tatu kutoka dirishani, barakoa imembana, maji yakimtiririka kwenye ukosi.

"Hodi humu."

Wimbo ulikatika kama uzi.

"Nani?"

"Subilaga, Bibi. Wa Mwalimu Anyosisye. Shikamoo."

Dirisha likafunguka. Bibi Atupele alikuwa amepungua mwili, lakini kitambaa cha kichwani alikifunga vilevile, fundo mbele, kama siku za kwaya. Uso wake ulifurahi kwanza kabla haujaogopa.

"Marahaba, mwanangu! Mbona unaloa huko? Pita ndani."

"Siwezi kupita, Bibi. Nimewasikia."

Kikongwe aliinua macho hadi kwenye nguzo ya taa, akayarudisha taratibu hadi kwenye kifungio kilichokuwa mkononi mwa Subilaga.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Siku zote hizi, uliyemo mle ndani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mwezi wa tatu, siku nilipolia na Bupe?"

"Mashine ilidhani mnaimba. Nilibonyeza mwachwe. Kulia hakuhesabiwi, Bibi."

"Sikukuuliza kama kunahesabiwa."

Kutoka ndani ilisikika sauti nzito, yenye kuchoka: "Atupele, mwambie aingie au afunge dirisha. Mimi nahisi baridi."

Bibi alisogea pembeni ili Subilaga aone. Mzee Gwamaka alikuwa amelazwa sebuleni, tumbo limevimba chini ya blanketi, macho ya njano. Miguuni pake alikaa Bupe, mjane wa nyumba ya pili, fundi cherehani. Aliyesimama karibu na mlango, kofia mkononi kama mtu aliyefumaniwa, alikuwa Lugano, muuza maziwa. Wote watatu Subilaga aliwajua. Wote walikuwa wamekaa nyumbani, kwa sababu hii au ile, Jumapili ambayo wenzao walikwenda kwenye mkutano wa kwaya, wakarudi na Kaba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuongea kwanza."

"Basi niongee mimi, maana pumzi zangu ni chache." Alimeza mate. "Daktari amenipa wiki, labda na nusu. Sitaki dawa, sitaki mchungaji. Nataka kufa kwenye kitanda changu, nikishika besi, mke wangu ameshika sauti ya pili. Mwili ni wangu. Hili nalo linaombewa kibali?"

"Baba alisema maneno hayohayo," Subilaga alisema. "Nilimshika koti pale mlangoni. Nikamwambia, Baba, wametangaza, msikusanyike. Akanicheka. Akasema, mwanangu, mwili ni wangu, pumzi ni yangu, kama nitakufa nikiimba mnizike nikiimba. Akaenda. Kweli, alikufa alivyotaka. Lakini Mama hakuimba hata nota moja, Mzee. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Baba akarudi, akamsalimia, akala. Baada ya siku nane tukawazika kwa siku moja. Yeye alichagua. Mama alichaguliwa."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Bupe alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka kuwa anacho.

"Mimi," Lugano alisema polepole, "kesho alfajiri nina nyumba ishirini na sita za kupelekea maziwa." Alilisema kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. "Na kwa Ipyana kuna mtoto wa wiki tatu."

Alikaa chini sakafuni, mgongo mlangoni.

"Sasa wewe unatakaje?" Mzee Gwamaka aliuliza, bila ukali.

"Sijui," Subilaga alisema, na ilikuwa kweli. Alikuwa amekuja kwa miguu, njia nzima akitafuta, na hakuokota kitu.

Ni Lugano aliyelitamka. "Nikilala hapahapa? Sote tukilala hapa, mlango ukafungwa, tukatoka siku zikiisha. Hapo nitakuwa nimemdhuru nani?"

"Utaratibu hauruhusu. Kila mtu afungiwe kwake."

"Utaratibu uliusikia wimbo?" Bupe aliuliza.

Subilaga alifikiri. Kifungio kilikuwa kizito mkononi, chenye taa ndogo ya kijani. Kingefunga nyumba ikiwa na yeyote aliyemo; hakikujua kutenganisha watu. Na komeo likishapiga, sheria ilikataza kulifungua kabla ya muda, hata kwa Bwana Mwaijande.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Nikifunga, nimefunga. Siku kumi na nne. Mtu akibanwa siku ya tano, sitafungua. Mkinililia, nitawasikia, na sitafungua. Kama mmoja wenu anayo tayari na hajijui, nyote mtaipata."

"Kwa hiyo ukitufunga pamoja unaweza kutuua," Bupe alisema.

"Ndiyo."

"Na ukitutenganisha?"

"Ninyi watatu mtapona, pengine. Mzee atakwenda Kiwandani."

Bupe alinyanyuka. Alivaa kandambili, akafika mlangoni, na Lugano akajisogeza ampishe. Alishika kitasa. Kupitia dirishani, Subilaga aliuona mgongo wake ukipanda na kushuka. Kisha akavua kandambili, akazipanga vizuri ukutani.

"Kule kwangu kuna cherehani tu," alisema. "Hata nikipona, nitampigia nani hadithi? Mimi nabaki."

"Lugano?"

"Nabaki. Lakini ng'ombe wangu watatu, dada. Wasipokamuliwa watapasuka."

"Nitakamua mimi."

"Wewe?" Hata Mzee Gwamaka alitabasamu.

"Mama alinifundisha. Mzee Gwamaka?"

"Mimi ndiye sababu. Nabaki."

"Bibi?"

Bibi Atupele alikuwa ameegemea fremu ya dirisha. Aliutazama uso wa Subilaga kwa muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mtoto fulani aliyelala benchini zamani.

"Mwaka mzima umenisikiliza bila kuniuliza," alisema. "Leo umeniuliza. Ndaga, asante, mwanangu. Funga."

Taa ikawa nyekundu. Komeo lilipiga mara moja, kwa sauti ndogo kuliko alivyotegemea.

*

Bwana Mwaijande alisoma ripoti yake akiwa amesimama. Hakupaza sauti, hakuwa mtu mbaya, na mkewe alikuwa kati ya arobaini na watatu.

"Umewafungia watatu na mgonjwa chumba kimoja," alisema. "Mmoja akifa, utasema walikubali?"

"Nitasema walikubali, na kwamba mimi ndiye niliyefunga."

"Kukubali kwa mtu aliyeshikwa na wimbo." Alitikisa kichwa. "Siwezi kufungua, unajua hilo, na ulilijua. Utakaa kwenye kiti chako mpaka siku ya kumi na nne. Siku ya kumi na tano utaniletea barua ya kuacha kazi."

"Ndiyo, Bwana."

Kila asubuhi, basi, kabla ya ofisi, Subilaga alikwenda kwenye zizi la Lugano. Siku ya kwanza ng'ombe mwekundu alimpiga teke ndoo ikaruka. Siku ya pili alikumbuka kwamba ndama huanza, anyonye kidogo maziwa yashuke, ndipo umtoe. Siku ya tatu alipaka mafuta kwenye chuchu, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na joto lile likafungua kitu ndani yake. Hivi ndivyo Mama alivyokaa. Paji la uso ubavuni, macho yamefumbwa, kimya. Miaka miwili Subilaga alikuwa akimkumbuka baba: sauti yake, koti lake, kosa lake. Mama hakuacha wimbo. Aliacha namna ya kukaa. Subilaga alimlilia pale, juu ya kigoda cha mtu mwingine, maziwa yakipiga ndoo, na ng'ombe akaendelea kutafuna. Kisha akapeleka maziwa nyumba ishirini na sita, akiyaacha langoni na kurudi nyuma kabla mtu hajatoka.

Alasiri, sikio la nguzo namba kumi na saba lilileta taarifa yake. Alisikiliza, akabonyeza Acha.

Siku ya nne besi ilikuwa mnong'ono. Siku ya tano sauti zilikuwa tatu, na ziliimba wimbo uleule zikiacha nafasi chini, mahali pake, bila mtu kuijaza. Alielewa kabla simu ya Lugano haijaingia. Wauguzi wanne waliovaa nguo za mpira walikuja wakampitisha Mzee Gwamaka mlango wa nyuma, ambao sheria iliruhusu ufunguliwe kwa ajili ya maiti tu, wakafunga tena. Makaburini kulikuwa na wachimbaji wawili na Subilaga. Zamani mzee kama yule angezikwa na kilima kizima, ngoma, ng'ombe, wanawake wamefunga vibwebwe. Subilaga alisimama mbali kama alivyotakiwa, akasema jina lake lote kwa sauti, mara tatu, kwa sababu hakukuwa na wengine wa kulisema.

Siku ya saba Bupe alipata homa. Yeye ndiye aliyekuwa nayo, tangu kabla ya ile alasiri. Mteja fulani, kipimo fulani cha sketi. Siku ya nane Bibi Atupele alianza kukohoa.

Subilaga alikwenda dirishani kwa mara ya pili. Lugano ndiye aliyefungua, amejifunga barakoa iliyoshonwa kwa kipande cha pazia.

"Bupe anahema vizuri kidogo," alisema. "Bibi, hapana."

"Amesema nifungue?"

"Hajasema."

"Muulize."

Lugano aliingia, akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Anasema usimuulize tena, kwamba ukiuliza mara ya pili atasema ndiyo."

Subilaga alikuwa na kifungio mfukoni. Alikishika njia nzima ya kurudi, kidole juu ya kitufe, na hakukibonyeza, na hakujisikia mwema hata kidogo.

Bibi Atupele alifariki siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Lugano amemshika mkono.

Siku ya kumi na nne komeo lilijifungua lenyewe. Bupe alitoka akishikilia ukuta, amekonda, hai. Lugano hakuipata kabisa. Madaktari hawakuweza kueleza kwa nini. Nyumba zile ishirini na sita hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Mtoto wa Ipyana alikuwa ameanza kucheka.

*

Simu ilipigwa wiki iliyofuata, Subilaga akiwa ameshapeleka barua yake na kukabidhi visikilizi. Ilikuwa namba ya Mtwara.

"Wewe ndiye Subilaga?" Sauti ya mwanamke, ya chini, iliyotulia. Subilaga aliitambua kabla hajajua ni ya nani. "Mimi ni Tumpale. Mtoto wa Atupele. Barabara zilifungwa, sikuweza kuja kuwazika."

"Pole, dada. Pole sana."

"Wameniambia kuna mtu alifunga mlango."

"Ni mimi niliyeufunga."

Subilaga alikaa kwenye ngazi ya jiko. Alikuwa amejiandaa kwa hili siku nyingi, ana maneno ya sheria na maneno ya kuomba radhi, na yote yalimtoka.

"Ungewatenganisha, Mama angekuwa hai."

"Pengine ndiyo."

"Pengine?"

"Ndiyo, dada. Angekuwa hai. Baba yako angefia Kiwandani peke yake, na yeye angekuwa hai."

Alisikia mtu akilia upande wa pili, na safari hii hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Alisubiri. Mvua ilipita juu ya mabati, ikasogea kwenye migomba.

"Sijui kama nitakusamehe," Tumpale alisema mwishoni.

"Sitakuomba."

"Lakini wewe ulikuwa ukisikiliza. Lugano amesema ulikuwa unasikiliza kila siku."

"Kila siku."

"Waliimba mpaka lini?"

"Mama yako aliimba mpaka siku ya tisa."

"Tayari anaumwa?"

"Tayari. Aliimba mistari miwili."

Tumpale alivuta pumzi. "Basi niambie hiyo siku ya tisa ilikuwaje. Usinifupishie. Anza pale alipoanza."

Subilaga alifumba macho, akaanza.